Mwangwi Katika Rekodi za Sauti na Namna ya Kuupunguza

Mwangwi unaoharibu rekodi nyingi si ule wa bondeni, ambako mtu huita na wito wake ukamrudia mzima. Ni sauti ya chumba. Msemaji anapofungua kinywa, sauti yake huenea pande zote kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, na sehemu kubwa yake hugonga ukuta, dari, sakafu, kioo cha dirisha na uso wa meza. Maikrofoni hupokea kwanza sauti iliyonyooka kutoka mdomoni, kisha nakala zake nyingi zilizochelewa, kila moja ikiwa imezunguka kwa njia yake. Nakala hizo ndizo zinazomfanya mtu aliyerekodiwa sebuleni asikike yuko mbali, hata kama simu ilikuwa mbele yake.

Waliokuwamo chumbani huenda hawakugundua lolote. Ubongo wa binadamu hutumia masikio mawili, na kwa kulinganisha yanayofika kulia na kushoto hujua sauti ipi imetoka kwa msemaji na ipi imetoka ukutani, kisha huidharau ya pili. Helmut Haas, mtafiti wa Göttingen nchini Ujerumani, alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti inayojirudia ndani ya takriban milisekunde 30 huungana na ya kwanza, na msikilizaji haitambui kuwa ni nyingine. Maikrofoni moja haina uwezo huo wa kuchuja. Hukusanya kila kinachoifikia na kukimwaga chote katika mstari mmoja, na anayesikiliza baadaye hana tena njia ya kujua kipi kilitoka upande gani. Ndiyo maana chumba kinachoonekana kizuri kwa mazungumzo kinaweza kuwa kibaya sana kwa kurekodia.

Tatizo hili hujitokeza kwa sura zaidi ya moja. Katika ukumbi, kanisa au bohari, ukuta ukiwa mbali kwa mita 8 au 9 na zaidi, sauti hurudi baada ya milisekunde 50 au zaidi, na neno huanza kusikika mara mbili. Huo ndio mwangwi hasa. Katika chumba cha nyumbani kuta ziko karibu, hivyo nakala hufika mfululizo na kubanana hadi zikawa mkia mmoja wa sauti unaoburutwa nyuma ya kila neno. Mkia huo unaweza kuitwa mvumo. Kisha kuna mlio mkali unaotetema haraka pale mtu anapopiga kofi moja kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Nyumba za kale za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mahali pazuri pa kuusikia. Upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, takriban mita 3 au pungufu, basi vikawa virefu na vyembamba, kuta zake nene za matumbawe zikiwa zimelainishwa kwa chokaa. Kofi hilo moja ndilo kipimo cha kwanza cha chumba chochote, na halina gharama.

Mambo haya yalianza kuhesabika mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Ukumbi wa mihadhara wa jumba jipya la sanaa la Fogg ulikuwa haufai kwa mihadhara: neno lililotamkwa liliendelea kusikika kwa takriban sekunde tano na nusu, na katika muda huo mhadhiri alikuwa ameshatamka mengine mengi juu yake. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda cha kupulizwa, saa ya kupimia na masikio. Usiku, mji ukiwa umetulia, yeye na wasaidizi wake walihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, wakaipanga katika ukumbi wa Fogg, wakalipiga bomba na kuhesabu sekunde hadi ukimya. Kila mito ilipoongezeka, muda ulipungua. Sabine aligundua hata kwamba nguo za mpimaji zinabadilisha matokeo, akalazimika kuvaa mavazi yale yale katika kila kipimo.

Miaka mitatu baadaye alikuwa na kanuni ambayo bado inatumika. Muda wa mvumo, yaani muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60, hutegemea ukubwa wa chumba na uwezo wake wote wa kufyonza sauti. Mita za ujazo za chumba huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa jumla ya ufyonzaji. Kipimo cha ufyonzaji ni dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayotokea dirishani hairudi: mita moja ya mraba ya dirisha wazi huhesabiwa moja kamili, na kila kitu kingine hupewa sehemu ya hiyo. Kwa hesabu hiyo Sabine alishauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 na inayosifiwa hadi leo.

Kanuni hiyo inaeleza vizuri hali ya chumba cha kawaida cha mjini. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.8 kina mita za ujazo 33.6, na nyuso zake zote kwa pamoja ni mita za mraba 63 hivi. Kikiwa kitupu, chenye kuta za lipu, sakafu ya marumaru na dari ya zege, kinaweza kufyonza wastani wa asilimia 4 tu ya sauti inayogonga nyuso zake. Hiyo ni sawa na mita za mraba mbili na nusu za dirisha wazi, na muda wa mvumo hutoka sekunde 2 na ushei. Studio za maneno hulenga takriban sekunde 0.3. Yakiingizwa magodoro ya sponji yenye uso wa mita za mraba 6, yanayofyonza asilimia 80 ya sauti za kati, muda hushuka hadi takriban sekunde 0.75. Yakiongezwa mengine kiasi hicho hicho, hushuka hadi 0.45 tu. Kanuni ni ya makadirio katika chumba kidogo, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: vitu laini vya kwanza ndivyo vinavyofanya kazi kubwa, na kila nyongeza huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia. Mwenye bajeti ndogo anapata habari njema hapo.

Kitu hufyonza sauti kwa kuiruhusu hewa inayotetema ipenye katika vijitundu vyake, isuguane na nyuzi au kuta za vijitundu hivyo, na nguvu yake igeuke kuwa joto dogo mno. Kwa hiyo ulaini pekee hautoshi. Lazima hewa ipite. Jaribio lake ni rahisi: kitu kikiwekwa mdomoni na kupulizwa, pumzi ikipenya kwa shida kidogo, kinafaa. Pumzi isipopenya kabisa, kama katika povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya, sauti nayo itarudi. Ikipenya kama hakuna kitu, kama katika chandarua, hakuna kitakachofyonzwa.

Trei za mayai zinastahili kutajwa hapa, kwa kuwa zimejaa kwenye kuta za studio nyingi za mitaani. Umbo lake linafanana na la sponji za studio, na huenda umaarufu wake ulitokana na hilo. Lakini ni karatasi nyembamba. Hufyonza kidogo sehemu fulani ya sauti za juu, huacha zilizobaki zikirudi, na hukusanya vumbi. Blanketi zito la sufu lililokunjwa mara mbili huzishinda kwa mbali.

Unene ndio unaoamua ni sauti zipi zitafyonzwa. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa sentimita 34. Yenye mitetemo 100, ambayo iko katika ngazi ya chini ya sauti ya mwanamume, ina wimbi la mita 3.4. Hewa iliyo kwenye uso wenyewe wa ukuta haisogei. Husogea zaidi umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani, na hapo ndipo kifyonzaji hufanya kazi vizuri. Sponji ya sentimita mbili na nusu iliyogandishwa ukutani basi hukamata sauti za juu tu, zile za «s» na «sh», na kuiachia besi chumba kizima. Matokeo yake hujulikana na kila prodyuza: sauti imefifia juu, na chini bado inavuma, mwimbaji anasikika kama aliyefungiwa kabatini. Tiba ni unene, au nafasi. Pazia zito likining'inizwa sentimita 10 kutoka ukutani huanza kufanya kazi vizuri kwenye mitetemo 850 hivi, chini zaidi kuliko linapogusana na ukuta; na liwe na mikunjo mingi, nguo iwe angalau mara mbili ya upana wa mahali linapofunika.

Godoro la kulalia linafaa kwa sababu ni nene. Ukanda wa pwani una mali nyingine ambazo hazijapewa nafasi yake katika studio. Sufi, iliyojaza mito na magodoro kwa vizazi, na nyuzi za makumbi ya nazi ni vifyonzaji halisi, kwa kuwa zote ni nyuzi zilizobanana na kuacha njia za hewa. Fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, zikijazwa nyuzi hizo na kufunikwa kitenge chepesi, ni kifaa kamili kwa bei ya fundi seremala wa mtaani. Kitenge hicho hakizuii sauti kuingia ndani, kinapendezesha tu.

Jambo la moto halipaswi kupitwa haraka. Sponji ya kawaida huwaka kwa kasi na kutoa moshi wa sumu. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kwenye kuta za ukumbi wa The Station katika jimbo la Rhode Island, Marekani, na watu 100 walikufa. Karibu miaka kumi baadaye, Januari 2013, klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil, iliungua kwa namna hiyo hiyo, na vifo vikafika 242. Studio nyingi ndogo zina mlango mmoja, nyaya nyingi na dirisha lililozibwa. Pamba ya mawe, ambayo haiwaki, ni bora kuliko sponji pale inapopatikana, na palipo na sponji au nyuzi za makumbi pasiwe na mshumaa, jiko wala soketi iliyolegea.

Vitu hivi vyote havizuii kelele za nje. Bodaboda na mvua juu ya bati huzuiwa na uzito na kuzibwa kwa nyufa, si kwa ulaini, na ni kazi nyingine yenye gharama nyingine. Wengi hununua sponji wakitarajia ukimya, kisha hulaumu sponji.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, kuna hatua inayoshinda zote: kusogea karibu na maikrofoni. Katika chumba, mvumo una kiwango kinachokaribiana kila mahali, lakini sauti iliyonyooka huongezeka kwa desibeli 6 kila umbali unapopunguzwa nusu. Msemaji aliyekuwa sentimita 60 akisogea hadi 15 amepata desibeli 12 bila kubadili kitu chumbani. Shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, ni umbali mzuri wa kuanzia. Karibu kuliko hapo, maikrofoni nyingi za upande mmoja huongeza besi, na herufi kama «p» na «b» huleta kishindo cha pumzi. Maikrofoni ikiwekwa pembeni kidogo ya mdomo badala ya mbele yake, pumzi hupita bila kuigonga.

Aina ya maikrofoni nayo ina maana, ingawa si kwa namna inayosimuliwa mara nyingi. Inayosikiliza upande mmoja, ambayo eneo lake la usikivu lina umbo la moyo, hupokea theluthi moja tu ya nguvu ya mvumo ambayo ingepokelewa na ile inayosikiliza pande zote. Kwa sababu hiyo inaweza kukaa mbali mara 1.7 na kutoa rekodi yenye mvumo ule ule. Maikrofoni hiyo hutazama uso wa msemaji, na kwa hiyo hutazama pia ukuta ulio nyuma yake. Blanketi la kwanza liwekwe hapo, mgongoni mwa msemaji, na wengi hulikosea kwa kuliweka nyuma ya maikrofoni. La pili na la tatu liende pembeni, na kitu kingine juu ikiwa dari ni ya chini. Meza isisahaulike: sauti inayoruka kutoka kwenye mbao au skrini ya kompyuta hufika chini ya milisekunde mbili baada ya ile halisi na kuipa mlio wa bomba. Taulo nene juu ya meza huipunguza, na maikrofoni ikiinuliwa karibu na mdomo meza hubaki mbali. Msemaji asikae katikati kabisa ya chumba, wala kwenye kona, ambako besi hujazana.

Waandishi wa habari walio safarini hufupisha yote haya kwa kujifunika shuka zito hotelini, au kwa kurekodi ndani ya gari lililoegeshwa: viti vya kitambaa, nafasi ndogo, vioo visivyotazamana sambamba. Kabati lililojaa nguo, milango ikiwa wazi na msemaji akilipa mgongo, ni studio inayopatikana katika nyumba nyingi.

Simu ya mkononi ina ugumu wake. Mara nyingi hujirekebishia kiwango cha sauti yenyewe: msemaji akinyamaza, huongeza usikivu, na mkia wa mvumo uliokuwa unaisha huvutwa juu. Programu zinazoruhusu kuzima marekebisho hayo zipo, na zinafaa. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, inayogharimu kidogo, hufanya zaidi, kwa sababu inakaa shubiri moja kutoka mdomoni popote msemaji anapogeukia.

Mahojiano ya mtandaoni huleta mwangwi wa aina nyingine kabisa. Sauti ya mwulizaji hutoka kwenye spika ya mgeni, huingia kwenye maikrofoni ya mgeni, na kumrudia mwulizaji imechelewa. Simu za masafa marefu ziliteseka kwa jambo kama hilo tangu zamani, na satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta zilizidisha, kwa kuwa sauti huchukua karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka. Wahandisi wa Bell Labs nchini Marekani walipata dawa katika miaka ya 1960, na Man Mohan Sondhi akaichapisha mwaka 1967: kifaa kinachojifunza njia ambayo mwangwi hupitia, kikatengeneza nakala yake, kisha kikaitoa katika sauti inayorudi. Dawa hiyo imo katika kila simu ya video leo. Hata hivyo hedifoni kwa kila mshiriki hukata mzizi wenyewe, na kwa kipindi cha kutangazwa ni vizuri zaidi kila mmoja ajirekodi upande wake, faili zikaunganishwa baadaye.

Dawa ya Bell Labs hufaulu kwa sababu mashine inaijua sauti ya asili. Ni ile ile iliyopeleka kwenye spika. Mvumo wa chumba hauna kitu kama hicho. Programu inayoletewa rekodi haijawahi kuisikia sauti safi ya msemaji, na inachotakiwa kuondoa ni sauti ya msemaji huyo huyo, yenye mitetemo ile ile, iliyochelewa tu. Hii ndiyo sababu vichujio vya kawaida vya kelele, vinavyojifunza mngurumo wa feni kutoka sehemu tupu ya rekodi, haviugusi. Geti la sauti, linalofunga njia kila kiwango kinaposhuka, hukata mkia kati ya sentensi na kuuacha wote chini ya maneno. Likikazwa mno, chumba huonekana kufunguka na kufungwa kwa kila neno, jambo linaloudhi kuliko mvumo wenyewe.

Njia za kisasa hukisia. Mwaka 2010 watafiti wa kampuni ya NTT ya Japani walichapisha njia inayokadiria, kutoka katika sauti zilizotangulia punde, ni kiasi gani cha sauti ya sasa ni mkia wake, kisha inautoa. Baada yake zimekuja programu za akili unde, zilizofunzwa kwa jozi nyingi za rekodi: moja safi, nyingine imetiwa mvumo kwa makusudi. Kwa mvumo wa wastani matokeo yanaweza kushangaza. Kwa mvumo mzito, programu hizo humeza konsonanti, huipa sauti mlio wa chuma, na baadhi huunda upya vipande ambavyo havikusikika vizuri. Katika tangazo la duka hilo halina madhara. Katika mahojiano yenye uzito wa ushahidi, au kumbukumbu ya mzee anayesimulia historia ya ukoo, silabi iliyobuniwa na mashine ni kosa kubwa.

Mpangilio wa kazi nao huathiri matokeo. Kisafisha mvumo kitangulie kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo, kwa kuwa kompresa hushusha maneno na kuinua mkia. Mitetemo iliyo chini ya 80 kwa sekunde hukatwa kwa usalama katika sauti nyingi za wasemaji, na kupunguza kidogo kati ya 300 na 500 huondoa ule mlio wa boksi. Kisafishaji kitumike nusu ya nguvu yake kwanza, kisha kisikilizwe kwa hedifoni na kwa spika ya simu, kwa kuwa kila moja hufichua kasoro tofauti. Faili ya awali ibaki kando bila kuguswa, ili kazi ianzwe upya pale chombo bora kitakapopatikana.